Pikipiki ya Shangazi Haikuwa na Ufunguo

Jirani yangu amenunua pikipiki isiyo na ufunguo. Ina kidude cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni ya gesti. Unakitia mfukoni, unabonyeza kitufe, chombo kinawaka. Wiki ya kwanza alitutambia mtaa mzima. Wiki ya pili aliiwasha mlangoni wakati kidude kiko kwenye pochi ya mkewe, aliyekuwa amesimama kando akimuaga. Akaondoka nayo inaunguruma vizuri mpaka Kizota, akaizima ili anunue misumari, na hapo ikamkana. Ikawa haimjui kabisa. Alirudi kwetu Makole, hapa Dodoma, akiisukuma, jua la saa saba liko utosini, na shati limemganda mgongoni. Nilikuwa nimekaa kibarazani. Nilicheka mpaka nikaona aibu, kisha nikamletea maji.

"Mama, hii teknolojia bado mpya," aliniambia akijifuta jasho. "Haijazoea mazingira yetu."

Mpya! Nilitaka kumwambia kwamba hapa hapa Makole, enzi za ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu na maofisi yakaanza kupungua watu, palikuwa na pikipiki isiyo na ufunguo, na mwenye nayo alikuwa mwanamke. Sikumwambia. Mtu aliyesukuma pikipiki kutoka Kizota hana masikio ya historia. Basi nawasimulia ninyi.

Mwanamke huyo alikuwa shangazi yangu, dada wa baba. Niliishi naye miaka ile nikiwa msichana mpiga chapa katika ofisi moja ya mjini. Yeye alikuwa bibi mifugo. Alifanya kazi kwenye mradi wa mifugo mpaka mradi ulipofungwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Wenzake walirudi nyumbani wakaanza kuuza mitumba, wengine wakafungua genge, wengine wakakaa tu wakisubiri waitwe tena. Shangazi alirudi na cheti chake, mabuti ya mpira, na pikipiki nyekundu ambayo mradi ulikubali kumuuzia. Tulipompa pole alituangalia kama watu waliokosea nyumba.

"Pole ya nini?" alisema. "Ng'ombe hawajapunguzwa kazini."

Kesho yake alivaa suruali ya kaki, akajifunga kanga juu yake kwa ajili ya heshima, akapiga kiki, akashika barabara ya kwenda Kondoa. Tangu siku hiyo akawa anazunguka vijijini kwa gharama yake mwenyewe, akiuza dawa za minyoo, akichanja kuku dhidi ya kideri, na kusaidia ng'ombe walioshindwa kuzaa. Mwanzoni wafugaji hawakumtaka. Mzee mmoja wa kijiji cha bibi yangu alimwambia wazi kwamba hawezi kumwacha mwanamke aingize mkono ndani ya ng'ombe wake.

"Sawa," shangazi alimjibu. "Basi ingiza wa kwako."

Mzee alitazama ng'ombe, akatazama mkono wake, akasogea pembeni. Ndama alitoka mzima, jike, na mzee akampa shangazi maziwa ya kwanza. Toka siku hiyo hakuna zizi upande ule lililomfungia mlango. Nampenda shangazi kwa mengi, ila hilo la kujibu kwa sentensi moja na kuendelea na kazi ndilo nililolitamani zaidi, na mpaka leo sijaliweza. Mimi nikijibu, naanza kueleza.

Sasa, ufunguo. Ufunguo wa pikipiki aliuvaa shingoni kwa uzi, kama wanavyovaa wengine msalaba. Siku moja aliinama kwenye josho la kijiji kuangalia dawa ya kuogeshea ng'ombe imefika wapi. Uzi ukakatika, ufunguo ukazama kwenye yale maji meusi. Hakuna aliyejitolea kuzamia. Ufunguo wa pili ulikuwa umebaki kwenye droo ya ofisi ya mradi, na ofisi ya mradi ilikuwa haipo tena. Pikipiki ikapandishwa kwenye mkokoteni, na baadaye kwenye gari, mpaka kwa fundi mmoja wa Kizota.

Fundi alitafuta swichi mpya madukani. Zilikuwepo, maana kila kitu kilikuwepo siku hizo, lakini hakuna iliyoingia. Mwishowe aling'oa swichi ya ufunguo, akaunga nyaya moja kwa moja. Kuanzia hapo, kuiwasha ilikuwa ni kupiga kiki tu. Kuizima ulisukuma kitufe chekundu kwenye usukani.

"Lakini mama," fundi alimwonya, "sasa hii ni ya kila mtu."

Shangazi alifurahi mno. Aliporudi alitangaza kwamba pikipiki isiyo na ufunguo haiwezi kupotelewa na ufunguo, na hoja hiyo sikuweza kuipangua. Tatizo lililomsumbua lilikuwa moja tu: kabureta ilivuja. Kwa hiyo kila aliposimama alifunga koki ndogo iliyo chini ya tangi, ili petroli isidondoke bure. Koki ile ukisahau kuifungua, pikipiki inawaka kama kawaida, inakwenda kidogo kwa mafuta yaliyobaki ndani, halafu inazima. Shikeni jambo hilo la koki, nitalirudia.

Ubaya wa pikipiki ya kila mtu tuliuona upesi. Watoto wa mtaa waliipiga kiki kama ngoma. Tuliamka siku moja tukaikuta imeegeshwa upande mwingine wa nyumba, na hatujui hadi leo ilikuwa imetoka wapi. Mtu mmoja aliichukua kumpeleka mchumba wake kanisani, akairudisha ina maua ya karatasi. Huko vijijini ilikuwa vilevile. Shangazi akiwa ndani ya zizi, mkono uko kwenye ng'ombe mpaka kwapani, anasikia pikipiki yake inaondoka. Inarudi baadaye, mtu anamwambia, "Samahani mama, nilikimbilia chumvi."

Mimi nilikuwa nawaka. Shangazi aliuliza swali moja tu: "Umetia mafuta?"

Nilipombana anunue mnyororo na kufuli, alisema mnyororo unazuia mtu mmoja mbaya na watu kumi wema. Aliamini kitu ambacho kila mtu anaweza kukichukua, kila mtu anakilinda. Nilimwambia hiyo ni siasa iliyokwisha, sasa hivi kila mtu na lake. Aliniambia niende nikapike.

Aliyemchokoza kuliko sote alikuwa mtani wetu. Huyu alikuwa Mnyamwezi, mstaafu wa reli, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, na huyu mzee aliufanya utani kama ajira. Alipita mlangoni kila jioni na baiskeli yake. Na hapo lazima niseme juu ya baiskeli hiyo. Ilikuwa nyeusi, imezungushiwa plastiki fremu nzima, inapakwa mafuta kila Jumapili. Ilikuwa na kufuli lake na ufunguo mdogo uliofungwa uzi mwekundu. Hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kupiga kengele. Usiku ililala ndani, na mkewe alikuwa akisema yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni baiskeli.

"Ninyi Wagogo," alikuwa akisimama na kusema, "hata pikipiki mnaichunga kama ng'ombe. Hamfungi! Iko siku nitaichukua hiyo, niiuze Manyoni."

"Utaiendesha na nini?" shangazi alikuwa akimjibu. "Ninyi Wanyamwezi ni wa kubeba mizigo tangu enzi za pembe za ndovu. Kuendesha mtajulia wapi?"

Walicheka, wakaulizana habari za wagonjwa, mzee akaisukuma baiskeli yake kwake. Ilikuwa hivyo miaka.

Halafu bibi yangu akafa. Mama yake shangazi. Alilala kijijini akiwa mzima, hakuamka. Habari zilitufikia alfajiri, shangazi akiwa anafunga boksi la barafu nyuma ya pikipiki, ndani yake chanjo ya kuku aliyoahidi kuipeleka kesho yake kwenye kijiji cha jirani na cha bibi. Hakulia. Alisimama, akakaza kamba, akasema, "Basi nitatangulia," akapiga kiki. Sisi wengine, na mtani wetu miongoni mwetu, tulifuata na lori la mtu wa mtaani.

Kwetu msiba bila watani ni msiba mkavu. Wakati sisi tunalia, wao wanatukana marehemu, wanaiba sufuria, wanachukua kiatu cha mfiwa na kukificha mpaka wakombolewe kwa kuku au kitoweo. Huruhusiwi kukasirika. Kwa kweli hata ukitaka huwezi, unajikuta unacheka na machozi bado yako shavuni. Siku ile mtani wetu alipita kiasi. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa aliingia ndani yake, akajilaza, akakunja mikono.

"Sitoki!" alipiga kelele kutoka chini. "Bibi huyu alininyima mlenda mwaka ule wa njaa. Leo nalala mimi hapa, yeye atafute pake!"

Alitolewa kwa jogoo. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Tukamzika bibi.

Tuliporudi kutoka makaburini na kunawa mikono, shangazi alikwenda kwenye ukuta wa zizi alipoegesha pikipiki ili achukue kanga aliyoiacha kwenye kiti. Boksi la barafu alikuwa ameliingiza ndani tangu asubuhi. Kanga ilikuwa chini. Pikipiki haikuwepo.

"Mtani!" wanawake walisema kwa sauti moja, wakaangua kicheko.

Ingekuwa nani mwingine? Miaka yote alikuwa ameahidi. Shangazi naye alicheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Niliuona uso wake ukilegea, nikamshukuru mzee yule moyoni. Shangazi alimwita kwa mbali, alipokuwa amekaa na wanaume akila.

"Mtani, umeipeleka wapi pikipiki yangu?"

Mtani hakuinua hata kichwa. "Iko Manyoni saa hizi! Nimeshaiuza kwa mbuzi watatu na mke!"

"Mke mwenyewe ana meno?"

"Anayo mawili, yanatosha kwa mlenda!"

Msiba mzima ulicheka. Shangazi akarudi kukaa mkekani na wafiwa, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Nilidhani amelala.

Jua lilipokuwa linazama alikamata kuku, akamfunga miguu, akaenda naye kwa mtani. Nilimfuata, nilitaka kuona mchezo unavyomalizika.

"Haya bwana, ukombozi wako huu," alisema. "Nipe pikipiki. Kesho nina kuku wa kuchanja, na barafu inayeyuka."

Mzee alimtazama kuku, kisha akamtazama shangazi. "Pikipiki gani?"

"Acha mtani, jua limekwisha."

"Mtani," alisema, akasimama, "mimi sijaigusa pikipiki yako."

Mwanamke mmoja alicheka, akanyamaza katikati.

"Sema haki ya Mungu," shangazi alimwambia.

"Haki ya Mungu mmoja. Nilidhani mnanitania. Mimi siku zote nasema nimeichukua. Mnaniuliza, najibu. Ndiyo kazi yangu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba imekwenda. Watani hawaapiani. Mtani akishaapa, mchezo umekwisha. Na ndipo watu walipoanza kukumbuka. Kulikuwa na mwanaume mwenye koti la mtumba, alisaidia kuteka maji asubuhi. Watu wa kijijini walidhani amekuja na lori letu. Sisi wa Makole tulidhani ni mtu wa kijijini. Wakati wote tupo makaburini tunamcheka mtu aliyelala kaburini, yeye alikuwa peke yake na chombo ambacho hata mtoto angeweza kukiwasha. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wanasema. Ulitutumbukia.

Shangazi alisimama na kuku wake kwapani. Kila mmoja wetu alijua amepoteza nini. Pikipiki ile ilikuwa kodi ya nyumba, dawa za wiki ijayo, na ile sentensi aliyotuambia siku alipopunguzwa kazini. Bila miguu ya kufika kwenye mazizi, yeye alikuwa mstaafu kama wastaafu wengine. Nilisubiri apige kelele. Alimfungua kuku miguu, akamwachia.

Alfajiri yule mzee wa ndama alikuja na fimbo yake. "Mbukwenyi," alitusalimia kwa Kigogo, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Imetokea wapi?" Wagogo hufuata ng'ombe aliyeibwa kwa nyayo, na mzee huyu alisifika kwa hilo. Kwake pikipiki ilikuwa ng'ombe wa kwato moja ndefu. Tairi la nyuma lilikuwa na kiraka, na kila lilipozunguka liliacha alama mchangani. Tulimfuata, mimi, shangazi, mtani, na wanaume watatu wa ukoo.

"Hapa inakwenda vizuri," alisema. Tulipofika bondeni akasimama. "Hapa imekufa."

Koki! Shangazi na mimi tulitazamana. Aliifunga asubuhi ile kama kawaida yake, na mwizi hakujua. Kutoka hapo nyayo za mtu zilionekana pembeni ya tairi, ncha za viatu zimezama, anasukuma. Alisukuma mpaka kwenye kichaka cha miiba, akaegesha, akakaa. Mzee aliinama akatuonyesha vipande vya sigara kwa ncha ya fimbo.

"Alikaa sana," alisema. "Alikuwa anatafuta ugonjwa."

Niligeuka nyuma. Tembe la bibi lilionekana wazi kabisa, na mtu aliyekuwa anakoka moto uwanjani ningeweza kumtambua kwa kanga yake. Alikuwa amekaa pale pale, karibu kiasi kile, akihangaika na nyaya, wakati sisi tunaulizana habari za mke mwenye meno mawili. Tungetoka tu tukamfuata, tungemkuta. Nilimchukia mtani wakati ule. Nasema kama nilivyohisi. Nilimtazama amesimama na kofia yake mkononi, nikatamani angebaki Makole na baiskeli yake.

Baada ya kichaka alama ya kiraka ilianza kukimbia tena. Alikuwa ameigundua koki. Tuliifuata mpaka barabara ya Kondoa, na hapo ikaishia kwenye alama pana za magurudumu ya lori.

"Angekuwa ng'ombe ningekufuatia mpaka Singida," mzee alimwambia shangazi. "Hii imepakiwa."

Shangazi alimshukuru. Aliangalia barabara upande wa Kondoa, akaangalia upande wa Dodoma, vumbi tupu pande zote. Kisha akageuka, akarudi tembeni kwa hatua ndefu, akaingia ndani, akatoka na boksi la barafu kichwani. Shangazi mkubwa, dada yake, alimuuliza kama amerukwa na akili, anakwenda wapi na nguo za msiba.

"Mama yangu amekufa," alijibu. "Kuku wa watu bado hawajafa."

Ni sentensi moja tena. Siku hiyo nilielewa kwamba zile sentensi zake hazikuwa ubishi. Zilikuwa fimbo anayoegemea.

Hakufika mbali. Mtani alimfikia kwenye kona ya zizi, akainua mikono, akalitoa lile boksi kichwani kwake, akaliweka kichwani mwake yeye. Shangazi alimtazama.

"Mnyamwezi na mzigo," alisema, akijaribu.

Mtani alishika njia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwona mtani aliyechokozwa akakosa jibu, na ile chuki yangu ikaanza kuniishia bila kupenda. Walikwenda kwa miguu, yeye mbele na boksi, shangazi nyuma na mkoba wa sindano, wakachanja kuku wa kijiji kizima kabla barafu haijaisha. Waliporudi jioni mzee aliweka boksi chini, akapanda gari la mkaa lililokuwa linaelekea mjini, akaondoka bila kuaga. Watu walisema ni aibu. Hata mimi nilisema hivyo, kwa sauti ya chini kidogo.

Tulitoa taarifa polisi kama inavyotakiwa. Matanga yakaendelea. Siku ya kuyamaliza, watu wamejaa uwanjani, ugali wa uwele unasongwa, tukasikia mlio wa ajabu kutoka njiani. Prrrrrr! Prrrrrr! Ulikuwa mlio wa pikipiki, lakini pikipiki yenye pumu. Tukatoka kuangalia.

Alikuwa mtani wetu juu ya baiskeli yake. Ametoka nayo Makole, njia yote ile, vumbi limempaka mpaka kwenye kope, na anaunguruma kwa mdomo. Alifika kwenye kona akabadilisha gia kwa mdomo. Alifika mbele ya shangazi, akafunga breki, akauzima mdomo wake kwa kubonyeza kitufe ambacho hakikuwepo.

"Mtani," alisema, akihema, "nimeirudisha pikipiki yako."

Watu walisogea kuitazama.

"Naona unaishangaa. Ni yenyewe. Imekonda tu kwa msiba."

Kicheko kilianzia kwa mzee wa ndama, kikazunguka uwanja mzima. Shangazi hakucheka. Alikuwa anaitazama ile plastiki kwenye fremu, imeoshwa upya.

"Mtani, hii siwezi," alisema. "Wewe hukuichukua pikipiki yangu."

"Nilisema nimeichukua," mzee alijibu, na sasa hakuwa anatania hata kidogo. "Mbele ya watu, na mama yako hajapoa kaburini. Nilisema ni mimi. Mtani hakani." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mdogo wenye uzi mwekundu, akamvisha shingoni. "Na safari hii ina ufunguo."

Ndipo shangazi yangu alipolia. Hakuwa amelia habari zilipofika, wala kaburini, wala barabarani kwenye alama za lori. Alilia yote kwa mpigo, amesimama, ameshika usukani wa baiskeli ya watu, na mdomo wake unacheka. Nilimshika kiunoni asianguke. Mtani alisubiri amalize, kisha akauliza kwa sauti kubwa ukombozi wake uko wapi, au Wagogo wamekula kuku wote. Akaletewa yule yule kuku.

Shangazi aliendesha baiskeli ile miaka mingi. Alifika mazizi machache kuliko zamani, lakini alifika, na wafugaji wa mbali wakaanza kumtumia punda. Kila alipoinama kwenye josho alivua uzi mwekundu kwanza, akampa mtu amshikie. Mtani alirudi kwenye kazi yake. Alipita mlangoni kila jioni, sasa kwa miguu, akasimama kuikagua baiskeli kama mkwe anayemkagua binti yake aliyeolewa, akasema Wagogo hawajui kupaka mafuta. Hakuna siku hata moja aliyoiita baiskeli. Aliiita pikipiki mpaka alipokufa.

Kumzika ilikuwa zamu yetu sisi kuwa watani. Shangazi alikwenda na baiskeli mpaka shamba la marehemu nje ya mji, ameshazeeka, mimi nikimsukuma kwenye vilima. Aliingia uwanjani akiwatukana wafiwa vizuri kabisa, akaiba sufuria la wali, akadai marehemu asizikwe kwa kuwa hajui hata njia ya makaburini. Watu wakacheka kama inavyopasa. Mimi nilikuwa nimeegemeza baiskeli ukutani, nikimfuata mbio nisipitwe na utani.

Alinigeukia katikati ya kelele, akavua uzi mwekundu shingoni.

"Kaifunge," aliniambia. "Aliyekuwa akisema 'Ni mimi niliyeichukua' ndiye huyu tunayemzika."

Nikarudi ukutani, nikaifunga, nikampa ufunguo wake.